Kabla ya Kununua Kontena, Nunua Umeme

Vyama vya bodaboda, wenye matatu na daladala, hata wamiliki wa vituo vya mafuta walioanza kuona biashara ikigeuka, wote siku hizi wanauliza swali moja: kituo cha kuchaji vyombo vya umeme kinaanzishwaje? Jibu wanalopewa na wauzaji mara nyingi ni picha ya kontena lililopakwa rangi ya kuvutia, ndani limejaa makabati ya betri, nje lina kibaraza cha bati na taa. Wanaambiwa kwamba linatoka kiwandani likiwa kamili, linashushwa asubuhi na jioni linafanya kazi.

Haja ya vituo ipo, wala si ndoto. Kigali haisajili tena pikipiki mpya za abiria zinazotumia petroli tangu Januari 2025. Ethiopia ilizuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024. Nairobi, mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria mwaka 2022, na kampuni kama Roam, Spiro na Ampersand zinagombania waendesha pikipiki mtaa kwa mtaa. Vyombo hivi vyote vinahitaji mahali pa kupata umeme, na kujenga kituo kwa matofali kila mahali kunachelewesha. Nyumba inayotengenezwa kiwandani na kuletwa nzima ina faida ya kweli: kazi ya nyaya hufanywa kwenye kivuli na mafundi wenye vifaa, hukaguliwa kabla ya kusafirishwa, na siku mwenye ardhi akibadili nia unaipakia kwenye lori na kuondoka nayo.

Lakini kontena ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Unaliagiza, unalilipia, linakuja. Kinachokwamisha kituo ni vitu visivyoonekana kwenye picha: umeme uliopo kwenye nguzo ya karibu, ardhi isiyo na mgogoro, joto la ndani saa nane mchana, na njia ya mtu kutokea mambo yakiharibika. Nimeona kontena jipya, limekamilika kila kitu, likikaa kiwanjani msimu mzima wa mvua kusubiri transfoma, huku chama kilicholinunua kikiendelea kulipa pango la kiwanja na riba ya mkopo. Ndiyo maana ushauri wangu unafuata mpangilio huu: umeme kwanza, ardhi pili, kontena mwisho.

Tuanze na hesabu ya umeme, na tuifanye pamoja, maana anayeijua hadanganywi kirahisi. Chukua kituo cha kubadilishia betri za pikipiki, kwa kuwa ndicho wengi wanachoanza nacho. Betri moja ya pikipiki ya umeme hubeba kama yuniti 3. Ukiwa na nafasi 20 za kuchajia na ukataka kila betri ijae kwa saa 3, kila nafasi inahitaji kilowati 1, na zote kwa pamoja kilowati 20. Chaja nazo hupoteza umeme. Iliyo nzuri hupoteza karibu asilimia 10 kwa njia ya joto. Kwa hiyo kwenye mita utavuta kilowati 22 hivi. Mzigo huo haufai kwa umeme wa njia moja wa nyumbani. Unataka njia tatu, na kila njia itabeba takriban ampea 32, tena saa baada ya saa, si kwa dakika chache kama pasi.

Ukishaipata namba hiyo, nenda nayo kwenye ofisi ya shirika la umeme la eneo lako, iwe Kenya Power, TANESCO, UEDCL au REG, kabla hujamlipa mtengenezaji wa kontena hata senti. Uliza ni transfoma ipi itakayokuhudumia, ukubwa wake, na mzigo uliokwisha kuwekwa juu yake. Transfoma ya kVA 50 ni ya kawaida mitaani kwetu; kituo chako peke yake kitachukua karibu nusu ya uwezo wake, na majirani wana friji, mashine za kusaga na karakana za kuchomelea. Ukiambiwa haitoshi, uliza nani atalipia kubwa zaidi, itachukua muda gani, na itakuwa mali ya nani ikishafungwa. Majibu hayo yapate kwa maandishi. Neno la fundi wa shirika mliyekutana naye chini ya nguzo, hata akiwa mkweli kabisa, halimfungi mtu mwingine ofisini.

Uliza pia habari ya bei. Kenya ilianzisha mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Tofauti hiyo si ndogo. Kituo kinachohamisha yuniti 100 kwa siku kutoka mchana kwenda usiku kinaokoa shilingi 800 kila siku, yaani shilingi 24,000 kwa mwezi wa siku 30. Ila faida hiyo haiji bure. Waendesha boda huja kubadilisha betri mchana, na betri iliyo barabarani huwezi kuichaji usiku. Ili unufaike na bei ya usiku lazima uwe na betri za ziada zinazolala kituoni. Weka gharama ya betri hizo upande mmoja na akiba ya umeme upande wa pili, kisha amua. Kwa chama kidogo kinachoanza, nashauri msiukimbilie usiku mapema. Pateni kwanza wateja wa mchana.

Jambo jingine ambalo mafundi wa bei rahisi hulipitia juu juu ni waya wa kutoka kwenye mita hadi kwenye kontena. Tuseme ni mita 80. Kwa mzigo wetu wa ampea 32 wa njia tatu, waya wa shaba wa milimita 6 za mraba utapoteza volti 16 hivi njiani, na waya wenyewe utakuwa wa moto. Ukiweka wa milimita 16 za mraba, hasara inashuka hadi volti 6. Tofauti ya bei ya waya unailipa mara moja. Hasara ya umeme unailipa kila mwezi, na chaja zinazolishwa volti pungufu jioni, wakati mtaa mzima umewasha vitu, hujizimazima zenyewe na kukuachia foleni ya vijana wenye hasira.

Kwa mabasi hesabu ni ileile, ukubwa tu ndio unaobadilika. Basi lenye betri ya yuniti 170 likijazwa kwa saa 8 za usiku linahitaji zaidi ya kilowati 21. Mabasi kumi yanavuka kilowati 210, na hapo hakuna mjadala: unahitaji transfoma yako mwenyewe, chumba chake, na mhandisi aliyesajiliwa wa kusaini michoro. Usiruhusu mtu akuuzie mashine za kuchaji mabasi bila karatasi ya transfoma.

Sasa ardhi. Kwa kuwa kontena linahamishika, watu huliweka popote penye nafasi, na nafasi nyingi za wazi mijini zipo wazi kwa sababu. Nyingine ni hifadhi ya barabara. Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zimetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa, na siku ya upanuzi ikifika, aliyejenga ndani ya mita hizo hana cha kudai. Kontena utaliokoa, lakini msingi wa zege, mtaro wa nyaya, nguzo na mita uliyolipia vitabaki hapo au kuvunjwa. Kenya nayo ina hifadhi zake, na ubomoaji wake unajulikana. Nenda na mpima ardhi, piga mita, andika.

Sehemu nyingine zipo wazi kwa sababu maji hupita hapo. Karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa Jangwani, Dar es Salaam, kwenye bonde la Mto Msimbazi, imefurika mara kadhaa mvua kubwa zikinyesha, na mabasi yameharibika. Ulikuwa mradi mkubwa wenye wataalamu, na bado maji yalishinda. Kwa kituo cha betri maji ni hatari maradufu, kwani betri ya lithiamu iliyozama inaweza kushika moto siku kadhaa baada ya kukauka. Waulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa kuliko zote wanazokumbuka, weka alama kwenye ukuta, kisha inua sakafu ya kontena juu ya alama hiyo.

Ukikubaliana na mwenye ardhi, mkataba uandike waziwazi kwamba kontena na vyote vilivyomo ni mali yako inayohamishika, si sehemu ya kiwanja, na kwamba una haki ya kuingiza lori la kreni kuliondoa mkataba ukiisha. Andikeni pia mita itasomeka kwa jina la nani. Mita iliyo kwa jina la mwenye ardhi ni kamba shingoni mwako siku mtakapogombana.

Vibali navyo visingoje. Kenya, mamlaka ya nishati, EPRA, ilitoa mwaka 2023 miongozo ya vituo vya kuchaji na kubadilisha betri. Isome kabla ya kuchora chochote, kisha nenda kaunti kuuliza habari ya kibali cha jengo, hata kama wewe unaliona ni la muda. Tanzania, anza na halmashauri, na washirikishe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mapema, wakati milango bado inaweza kuhamishwa kwenye mchoro. Wakikuta kosa baada ya chuma kukatwa, utalipa mara mbili.

Tufike kwenye kontena lenyewe. Utapewa chaguo la aina tatu hivi. La kwanza ni kontena la meli lililokatwa na kugeuzwa. La pili ni chumba cha fremu nyepesi za chuma na kuta za paneli zenye kizuia joto katikati. La tatu ni jukwaa la chuma au zege lililofungwa mashine tayari bila kuta. Tesla, kwa mfano, huunganisha mashine zake kadhaa za kuchaji kwenye sahani za zege kiwandani, na kazi inayobaki kiwanjani ni kuzishusha na kuunga waya. Jukwaa linafaa kwa magari na mabasi, ambako mtu anachomeka waya na kusubiri. Kwa betri za pikipiki unahitaji kuta, kwa sababu ya wizi na mvua.

Wengi huchukua kontena la meli kwa kuwa linapatikana Mombasa na Dar es Salaam na fundi yeyote wa kuchomelea analijua. Ni chaguo zuri ukielewa linavyobeba uzito. La futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana mita 2.44, na tupu lina uzito wa tani 2 na ushee. Uzito wote hushuka kupitia pembe nne. Kwa hiyo msingi wake ni vitalu vinne vya zege vilivyosawazishwa kwa uangalifu, kimoja chini ya kila pembe, na hakuna haja ya kumwaga zege uwanja mzima. Visipolingana, fremu inajipinda kidogo na milango inakataa kufunga, kisha fundi analaumiwa kwa bawaba ambazo hazina kosa.

Kuta zenye mikunjo nazo zinafanya kazi: ndizo zinazozuia boksi lisiyumbe. Fundi anayekata ukuta mzima wa pembeni ili kuweka makabati bila kuzungusha fremu ya chuma kwenye uwazi huo amelidhoofisha, na udhaifu utaonekana siku kreni itakapoliinua. Omba mchoro unaoonyesha kila tundu na chuma kilichoongezwa. Na ukinunua kontena kuukuu, chunguza sakafu. Ni mbao nene za plaiwudi zilizotiwa dawa ya wadudu, na huwezi kujua limewahi kubeba nini. Mhudumu wako atakaa humo mchana kutwa. Ing'oe au ifunike kwa bamba la chuma lenye mikwaruzo ya kuzuia utelezi, baada ya kuziba kabisa.

Ukiwa pwani, usidanganywe na sifa ya chuma cha kontena kwamba hakiliwi na kutu. Kinavumilia, lakini chumvi ya hewani haikipi nafasi ya kupumzika, na kutu huanzia chini kusikoonekana, kwenye mihimili ya sakafu. Dai rangi ya zinki kabla ya rangi ya juu, na nafasi ya kutosha chini ya boksi ili mtu aweze kuingiza kichwa na tochi.

Nataka nikae zaidi kwenye joto, kwa sababu ndilo linaloua betri, na betri ndiyo mtaji wako mkubwa kuliko kontena. Kontena la chuma lililofungwa juani ni tanuri. Ndani linaweza kupita nyuzi 50. Betri za lithiamu hupenda kuchajiwa kwenye joto ambalo mtu mwenyewe angeliona la kawaida, na zikizoea kuchajiwa juu ya nyuzi 45 umri wake unapungua sana. Rudi sasa kwenye ile hesabu ya umeme. Tulisema chaja zinapoteza asilimia 10. Hizo kilowati 2 haziendi popote. Zinabaki ndani ya boksi kama joto, mfano wa hita mbili zinazowaka mchana na usiku, na hatujahesabu jua wala betri zenyewe. Ili joto la chaja peke yake lisipandishe hewa ya ndani kwa zaidi ya nyuzi 10, feni lazima zivute mita za ujazo 600 za hewa kwa saa. Lakini Mombasa mwezi wa Februari nje ni nyuzi 33; ongeza 10 na umefika 43. Hiyo ni nyingi mno. Lenga nyuzi 5, na feni zako ziwe za mita za ujazo 1,200 kwa saa, sawa na kubadilisha hewa yote ya kontena la futi 20 zaidi ya mara 30 kila saa.

Mwonyeshe muuzaji hesabu hiyo. Akikuonyesha feni moja ndogo ya bafuni, umemjua. Feni ziwe mbili, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba sehemu kubwa ya kazi, maana moja itakufa siku ya joto kali. Hewa iingie chini, upande wa kivuli, kupitia wavu na kichujio kinachoweza kusafishwa, na itokee juu upande wa pili. Weka kifaa cha kupima joto kinachokata chaja zenyewe feni zikizima. Na juu ya boksi weka paa la pili la bati, limeinuliwa kiasi cha shubiri mbili ili upepo upite katikati. Paa hilo, pamoja na rangi nyeupe, linafanya kazi kubwa kuliko kiyoyozi, tena halidai umeme. Kiyoyozi kwenye kituo ambacho mlango unafunguliwa kila dakika ni kupoza mtaa.

Kuhusu paneli za jua, wauzaji huahidi mengi. Juu ya kontena la futi 20 panaenea paneli sita hivi za wati 450, jumla wati 2,700. Siku nzuri zitakupa yuniti 11 hadi 13, yaani betri nne za pikipiki. Kituo cha nafasi 20 kinachozungusha betri zake mara mbili kwa siku kinatumia zaidi ya yuniti 120. Weka paneli kwa ajili ya feni, taa na mtandao wakati umeme umekatika, na zitumike pia kama kivuli. Usipangie biashara juu yake.

Moto ndio jambo ambalo sitaki msomaji alipite haraka. Tarehe 19 Aprili 2019, katika mji wa Surprise, jimbo la Arizona, Marekani, betri za lithiamu zilipata hitilafu ndani ya jengo dogo la chuma la kuhifadhi umeme liitwalo McMicken. Mfumo wa gesi ya kuzima moto ulifanya kazi yake ulivyopangwa. Haukutosha. Betri zilizoharibika ziliendelea kupashana joto na kutoa gesi zinazowaka, zikajaa ndani. Saa kadhaa baadaye wazimamoto walifungua mlango, hewa ikaingia, jengo likalipuka, na wanne wao wakaumia vibaya. Hawa walikuwa watu wenye mafunzo na mavazi ya kazi.

Mafunzo ya tukio hilo yanaingia moja kwa moja kwenye mchoro wa kontena lako. Boksi lisiwe na mahali pa gesi kukusanyika: matundu ya juu yabaki wazi hata feni zikizima. Kipima gesi na moshi kitoe alama nje, ili mtu ajue hali ya ndani bila kufungua mlango. Swichi ya kukata umeme wote iwe nje, upande tofauti na mlango, imeandikwa kwa Kiswahili kwa herufi zinazosomeka usiku. Kizuia joto cha kuta kiwe cha pamba ya mawe, ambayo haiwaki, badala ya povu. Muulize muuzaji aina ya betri pia: zenye madini ya chuma na fosfati huvumilia joto na dhuluma kuliko zile za nikeli na kobalti, ingawa ni nzito kidogo kwa umeme uleule. Boksi likae mbali na ukuta wa jirani. Mimi sikubali chini ya mita 3, na kwenye kituo cha mafuta umbali utoke kwa zimamoto wenyewe, si kwa muuzaji.

Na mlango. Kwa hofu ya wezi watu hufunga kufuli nje na nondo madirishani, mhudumu wa usiku akiwa ndani. Tafadhali, usifanye hivyo. Mlango ufunguke kwa kwenda nje na ufunguliwe kutoka ndani kwa kusukuma, bila ufunguo. Kama kulinda mali ni lazima, basi tumia makabati ambayo vifuniko vyake vinafunguka upande wa nje wa kontena, kila betri na kijumba chake. Mwendesha boda haingii, mhudumu halali humo, na wewe unalala.

Betri iliyoanguka, iliyovimba, iliyoloa au iliyorudi ya moto kuliko kawaida isirudishwe kabatini. Jenga kizimba kidogo cha wavu nje, kina kivuli na sakafu ya zege, mbali na boksi, na huko ndiko ikae ikisubiri fundi. Mhudumu apewe mamlaka ya kuikataa bila kumpigia mtu simu.

Ethi isiachwe kwa kubahatisha. Boksi lote ni chuma, na watu wanalishika kwa mikono iliyoloa. Chuma cha boksi, fremu za makabati na kila mlango viunganishwe na waya wa ethi. Bawaba yenye rangi na kutu si njia ya umeme. Pwani, ambako chini ni jiwe la matumbawe, nondo moja iliyopigwa kwa nyundo haitoshi na mara nyingi haiingii. Panga mtaro wenye waya wa shaba uliofukiwa, kisha upimwe kwa kifaa na matokeo yaandikwe. Ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu na Kisii hadi Kampala, una radi nyingi sana, kwa hiyo vizuia mshtuko wa radi kwenye swichi kubwa ni lazima.

Kaa kidogo sasa mahali pa mteja. Kijana amefika saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha, abiria wake anasubiri kwenye kona. Ananyanyua kiti, anachomoa betri yenye uzito wa kilo 20 na zaidi, anatembea nayo. Kama kibaraza kimeishia kwenye ukuta wa boksi, soketi ya betri inaloa kabla hajafika. Kama kuna ngazi mbili za chuma, atateleza mara moja mwaka huu. Kama kijumba kilicho wazi ni cha chini kabisa, anainama na mzigo. Kama ni cha juu, anainua kupita kifua. Kwa hiyo kibaraza kifunike pikipiki nzima pamoja na njia ya kutembea, sakafu ya nje iwe ya zege yenye mteremko wa kutoa maji, na vijumba vyote viwe kati ya goti na kifua. Hii itakunyima safu moja ya betri, lakini vijana watarudi kwako. Kabla ya kuidhinisha mchoro, waite waendesha boda wawili watatu, wachoree kabati kwa chaki ukutani kwa vipimo kamili, na wape betri halisi waiinue.

Usilipe malipo ya mwisho kwa picha za simu. Nenda karakana mwenyewe pamoja na fundi umeme ambaye hukupewa na muuzaji. Washeni nafasi zote 20 kwa mzigo kamili, milango imefungwa, kwa saa 3 nzima, mchana wa jua, na pimeni joto juu ya makabati na kwenye viungio vya nyaya. Mwagieni paa maji kwa mpira kwa nusu saa. Zimeni feni moja muone chaja zinafanya nini. Pokeeni mchoro wa umeme unaoonyesha ukubwa wa kila waya na kila kikata umeme, uliosainiwa. Katika mkataba, bakisheni sehemu ya pesa itakayolipwa baada ya kituo kufanya kazi kwa mwezi mzima hapo kiwanjani, kwa umeme wa kiwanjani.

Siku ya kushusha, betri zisafiri peke yake, si ndani ya boksi. Angalia nyaya za umeme zinazopita juu ya kiwanja. Mkono wa kreni hauhitaji kugusa waya ili kuua, kukaribia tu kunatosha. Kama zipo, omba shirika lizime umeme kwa saa hizo, na ombi lipelekwe wiki kadhaa kabla.

Baada ya kuwasha, msisitizo unahamia kwa fundi. Wiki ya nne mrudishe azime kila kitu na kukaza upya skrubu zote za viungio vya nyaya, kwa sababu safari ya lori na kupanda na kushuka kwa joto huzilegeza, na kiungio kilicholegea ndicho chanzo cha moto mwingi wa umeme. Vichujio vya hewa visafishwe kila wiki msimu wa vumbi. Mhudumu aandike daftarini kila asubuhi namba ya mita na joto la ndani, na saa nane mchana aandike joto tena. Mwezi wa tatu, chukua daftari hilo ukae na chama, na hapo ndipo mzungumze habari ya kontena la pili.